Kipa Aliyechuchumaa

Siku niliyosikia Kabati ametoka jela, nilikwenda dukani nikanunua kufuli jipya. Sikutumwa na mtu. Muuza duka akaniuliza, "Shangazi, la zamani limeharibika?" Nikamwambia la zamani ni zima kabisa, kilichoharibika ni watu.

Niseme mimi ni nani, maana watu wa mpira hujua majina ya wachezaji tu, utadhani jezi zinajifua zenyewe. Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu, mwaka wa ishirini na moja huu. Nafua, naanika, nashona, nakunja. Wachezaji wananiita Shangazi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu wanataka soksi kavu. Jezi mpya zikija, nageuza kola ya kila moja na kuitia mishono mitatu ya uzi wa kijani kwa ndani, alama yangu. Kila baada ya mechi nazihesabu kwa sauti, na ya mwisho ikiingia kwenye tenga nasema, "Haya, hesabu imetimia." Bila kusema hivyo siwezi kwenda nyumbani. Mume wangu husema nikifa, nitajihesabu kwanza ndipo nikubali kuzikwa.

Kabati alikuwa kipa wetu. Jina lilitokana na umbo, kwani akisimama golini, washambuliaji walihangaika kupitisha mpira kama watu wanaohamisha godoro kwenye mlango mwembamba. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa. Jumapili alikula kwangu, nguo zake nilimshonea mimi, na nikisafiri, ufunguo wa stoo nilimwachia yeye. Nilimpenda. Nalisema wazi ili mjue hasira yangu ilitoka wapi.

Nilikwenda msibani siku tatu. Niliporudi, stoo imefungwa vizuri, kila kitu mahali pake, isipokuwa jezi kumi na sita mpya za fainali. Na kwa kuwa kwenye karatasi mwenye ufunguo ni mimi, nilikamatwa mimi. Nikakaa mahabusu siku mbili, mwanamke mtu mzima, bado nimevaa nguo za msiba, huku askari akiniuliza kama nina kundi. Nikamjibu ninalo, la wajukuu.

Jezi zilipatikana kwa njia ya kijinga kabisa. Timu moja ya wauza nyama, mji wa mbali, ilipiga picha na kikombe cha bonanza, na vifuani mwao kuna nembo yetu. Hakimu akaamuru jezi ziletwe mahakamani kama ushahidi. Wale mabwana wakaja wamezivaa, maana saa kumi walikuwa na mechi. Wakapangwa kwenye benchi, nami nikaambiwa nizitambue. Nikapita nyuma yao nikigeuza kola moja moja: kijani, kijani, kijani. Mmoja shingo yake ilikuwa na mtekenyo, akacheka mbele ya hakimu mpaka akatolewa nje. Nilipofika kola ya tisa, Kabati, aliyekaa na wasikilizaji, akainua mkono.

"Mheshimiwa, basi," akasema. "Ni mimi. Mwache Shangazi apumzike."

Alizibadilisha kwa pikipiki. Pikipiki ilikuwa ya kumpandisha mchumba, na mchumba alipanda mara mbili tu. Ya pili alishuka kwa mwanamume mwingine. Kabati akahukumiwa mwaka mmoja na nusu.

Muda wote huo golini alisimama kipa wetu wa pili, kijana mwenye adabu sana. Tulimwita Samahani, kwa sababu kila akifungwa aligeukia mabeki na kusema, "Samahani jamani." Msimu ule alikuwa na adabu mara arobaini na moja. Kwa hiyo Kabati alipotoka na kuja kusimama nje ya geti la uwanja, mkoba mkononi, kocha wetu nusura amkumbatie mbele za watu.

Kamati ikakaa. Wengine walisema mwizi ni mwizi, wengine wakasema amekwisha kulipa, na kelele zikawa nyingi. Mwenyekiti wetu ni mtu ambaye hata chai hawezi kuamua iwe na sukari au isiwe nayo. Akasimama, akakohoa, akaniangalia mimi niliyekuwa nimekuja kuchukua vikombe.

"Aliyekosewa zaidi ni Shangazi," akasema. "Kama Shangazi atampa jezi, acheze Jumamosi, mechi moja ya kirafiki, tumwone. Jumatatu usajili unafungwa. Akituridhisha tunamsajili. Asipoturidhisha, tumeagana."

Wote wakageuza shingo kuniangalia. Nilijua hesabu ilivyo. Kabati ana miaka thelathini na miwili, hakuna timu nyingine itakayompokea kipa aliyetoka gerezani, na kazi nyingine hajui. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kamba yake.

"Mechi moja," nikasema. "Jezi nitampa. Ufunguo hata kwa macho asiuone."

Jumanne akaja mazoezini. Alikuwa amepungua, lakini mabega yalikuwa yale yale. Akaruka, akadaka, akapiga mpira mpaka katikati ya uwanja, kocha akawa anatabasamu peke yake. Kisha kocha akapuliza filimbi kuwaita wachezaji.

Kabati akachuchumaa.

Si kwamba aliinama kufunga kamba za viatu. Alichuchumaa sawasawa, mikono magotini, macho chini. Halafu akanyoosha mkono, akamshika beki wetu wa kushoto aliyekuwa karibu, akamvuta chini naye akachuchumaa ubavuni mwake. Beki kwa mshangao akatii.

"Wewe, inuka!" kocha akapiga kelele. Hakuinuka. "Kabati! Umeumia?"

"Hapana, mwalimu," akajibu bila kuinua kichwa.

"Sasa unafanya nini?"

"Sijui, mwalimu. Miguu imekwenda yenyewe."

Wachezaji wakavunjika mbavu. Walimvuta mikono, hakunyanyuka, na kabati halibebwi na watu wawili. Mimi nilikuwa kando ya uwanja natia vizibao vya mazoezi kwenye tenga, nahesabu kama kawaida yangu, sitaki hata kuangalia huko. Kizibao cha mwisho kikaingia, nikasema, "Haya, hesabu imetimia."

Kabati akaruka juu wima kama aliyekalia siafu.

Hakuna aliyeona uhusiano, ila mimi. Kocha akafikiri amempa moyo, Samahani akafikiri ni msuli umeachia. Mazoezi yakaendelea, filimbi ikalia tena, Kabati akachuchumaa tena, safari hii amemkamata mchua misuli. Nikangoja kidogo, nikasema taratibu, kama najisemea, "Hesabu imetimia." Juu!

Basi nikakunja midomo, nikabeba tenga langu, nikaondoka. Nakiri hapa bila kujipaka mafuta: nilifurahi. Siku mbili zile za mahabusu zilinirudia, na yule askari na swali lake la kundi, nikasema, wacha achuchumae. Jumanne na Jumatano yote niliijua dawa na nikaikalia. Nyumbani nilipika nikiimba. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna.

Alhamisi mchana nilikuwa stoo nakunja. Kivuli kikaziba mwanga wote wa mlango, nikajua ni nani bila kugeuka. Lakini hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, mikono mgongoni.

"Naomba ruhusa ya kuingia," akasema.

"Tangu lini unaomba ruhusa hapa?"

"Tangu nilipoingia bila ruhusa, Shangazi."

Nikamwonyesha kwa kidevu rundo la soksi. Akaingia, akaketi chini, akaanza kukunja, na alikunja vizuri kuliko mimi, pembe kwa pembe. Nikauliza kajifunzia wapi.

"Kule nilikuwa dobi. Sare mia tatu kwa wiki, sabuni kipande. Kila nikifua nilikuwa nakukumbuka."

"Kwa lipi?"

"Kwa matusi yako, Shangazi. Ulisema doa la majani halitoki mpaka ulitukane. Ni kweli, halitoki."

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa kung'ata uzi. Nikamuuliza habari ya filimbi. Akaeleza akiwa ameinamia soksi. Kule filimbi ikilia, wote mnachuchumaa wawili wawili, afande anapita anahesabu vichwa. Hakuna kuinuka mpaka atamke kwamba hesabu imetimia. Ukiinuka kabla, anaanza upya, na wenzako mia tatu wanakuchukia mpaka kesho yake. Na asiye na mwenzake wa kuchuchumaa naye anaonekana kama hesabu imeharibika, ndiyo maana mkono wake unamtafuta mtu.

"Siku ya kwanza nilipoyasikia yale maneno," akasema, "nikageuka kukutafuta. Nikajua umekuja kunitoa."

Akamaliza soksi. Alipofika mlangoni akasimama, akageuza mifuko yake yote nje, ya mbele na ya nyuma, ikaning'inia kama ndimi. Akainua mikono.

"Nikague, Shangazi."

"Nenda zako."

"Nikague tu. Nitalala vizuri."

Nikamfukuza kwa soksi iliyokuwa mkononi. Halafu nikafunga stoo na lile kufuli jipya, nikalivuta mara tatu kama nilivyozoea tangu wizi ule, nikatembea hatua kumi, nikarudi, nikalivuta tena. Nilikuwa nimekasirika, na mbaya zaidi, sikujua tena namkasirikia nani.

Jumamosi nikampa jezi namba moja, ya zamani, yenye kiraka kwapani. Alipoigeuza kola na kuona uzi wa kijani, alipitisha kidole juu yake, akaivaa. Sikumwambia chochote kuhusu dawa. Nilijiambia labda hatachuchumaa, siku ya mechi mtu hubadilika.

Hakubadilika. Kocha alikuwa ametupa moyo kwamba filimbi ikilia mpira husimama, kwa hiyo mtu akichuchumaa haidhuru. Ilikuwa kweli kwa dakika ishirini. Refa akipuliza, Kabati anashuka; mabeki wanamzingira, wanamtikisa, wanamwimbia, na baada ya muda anajiinua mwenyewe kwa shida, jasho likimtoka. Dakika ya ishirini na mbili ikapigwa faulo karibu na lango letu. Kabati akachuchumaa, na safari hii aliyekuwa karibu ni mshambuliaji wao. Akamvuta mkono. Mshambuliaji, sijui kwa heshima ya ule ukubwa, akachuchumaa naye. Wako hivyo wawili, kama wanaosubiri zamu kliniki, mwenzake akapiga mpira haraka ukapita juu ya vichwa vyao, ukaingia wavuni.

Uwanja mzima ulicheka. Mashabiki wa wageni waliangukiana. Mwenyekiti akajifunika uso kwa gazeti. Na mimi, niliyekuwa nimeimba jikoni siku mbili nikingoja kitu kama hicho, sikuona cha kuchekesha hata kidogo. Nilimwona Kabati anavyoangalia ardhi, mtu mzima anachekwa na watoto, na anajua kwamba Jumatatu imeshafika. Roho ikaniuma kweli.

Mapumziko, mwenyekiti akaja mbio. "Mtoeni! Mtoeni tuhifadhi heshima!" Samahani alikuwa ameshavua koti, anarukaruka.

"Mwacheni," nikasema.

"Shangazi, huyu ana kasoro!"

"Kasoro yake naijua. Nami ninayo dawa yake, niliificha. Nipisheni."

Nikabeba tenga langu la jezi za akiba, nikaenda kulitua nyuma ya goli letu. Kipindi cha pili kikaanza kwa filimbi. Kabati akashuka.

"Hesabu imetimia!" nikapaza sauti.

Akaruka juu, akageuka, akaniona. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote, na nimeolewa miaka thelathini.

Tangu hapo tukafanya kazi. Filimbi, chini, mimi, juu. Kona, faulo, mtu kaotea, chini, juu, chini, juu. Na kwa kuwa anaruka kila mara na moto wa kuachiwa huru, alidaka mipira ambayo hata zamani asingeifikia. Dakika ya sabini tukasawazisha. Hapo wageni wakaacha kucheka. Kapteni wao akamfuata refa, akaninyooshea kidole.

"Mwamuzi, yule mama anafanya uchawi! Anasema maneno, kipa anapaa!"

Refa akaja mpaka kwangu. "Mama, unasema nini hapa?"

"Nahesabu jezi, mwanangu."

"Zipo ngapi?"

"Tano."

"Unazihesabu mara thelathini?"

"Nina wasiwasi. Niliwahi kuibiwa."

Kabati akakohoa. Refa akaniambia kwamba nikifungua mdomo mara moja tu zaidi, askari atanitoa uwanjani. Askari akaletwa, akasimama kando yangu. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa ni yule yule wa mahabusu.

"Kundi halijambo?" akaniuliza.

Dakika ya themanini na tisa beki wetu wa kushoto akaunawa mpira. Penati. Refa akauweka mpira, akaondoka nyuma, akapuliza.

Kabati akachuchumaa katikati ya goli. Peke yake, hakuna wa kumshika. Mkono wake ulipapasa kushoto, ukapapasa kulia, ukarudi gotini. Mpigaji wao akamwona, akacheka, akaanza kukimbia taratibu kama mtu asiye na haraka.

Watu siku hizi wanasema nilipiga mahesabu makali, nikangoja sekunde ya mwisho. Waache waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa askari. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Niliona tena ile sakafu ya mahabusu. Kisha nikauona ule mkono unapapasa hewa, na mguu wa mpigaji uko nyuma tayari, na sauti ikanitoka sijui kutoka wapi.

"HESABU IMETIMIA!"

Mpigaji alikuwa ameshaamua. Kipa yuko chini, basi yeye anapiga katikati, juu. Na ndiko alikokwenda Kabati. Mpira ulimgonga kwenye paji la uso kwa kishindo nilichokisikia mimi, ukarudi mpaka katikati ya uwanja. Yeye akaanguka chali, anacheka. Mimi nikakamatwa kwa mara ya pili maishani mwangu. Askari alinishika mkono kwa adabu na kunibebea tenga mpaka nje ya geti, na filimbi ya mwisho niliisikia nikiwa barabarani. Sare, moja kwa moja. Nikajiuliza ni nani atamwinua sasa. Lakini kelele zilivyokuwa, nadhani walimbeba hivyo hivyo, amechuchumaa.

Watu walipotawanyika nikarudi stoo. Jezi zote zilikuwa zimeletwa mlangoni, zimekunjwa pembe kwa pembe, na Kabati amesimama nje ya kizingiti, nundu kwenye paji, mifuko ya kaptura imegeuzwa nje.

Nikaanza kuhesabu. Na tano zangu za akiba, jumla iwe kumi na sita. Nikafika kumi na tano, nikagusa chini ya tenga. Tupu. Nikahesabu tena, kumi na tano. Damu ikanipanda kichwani, mambo yote ya zamani yakarudi kwa mpigo.

"Namba moja iko wapi?"

Akapauka. "Shangazi, sijaichukua. Wallahi sijaichukua." Akavua viatu, akavikung'uta. Akavua soksi. Akapiga magoti kutazama chini ya benchi. Mimi nikapekua tenga, nikapekua kabati la dawa, machozi ya hasira yananilenga. Tukatafuta hivyo, watu wazima wawili, mpaka tukagongana mlangoni, na uso wangu ukawa mbele ya kifua chake, mbele ya namba moja.

"Umeivaa," nikasema.

Akajiangalia. Akashika kola, akaigeuza, akaona uzi wa kijani. Nikacheka mpaka nikaketi juu ya tenga. Yeye alicheka pia, kisha kicheko kikageuka kikawa kingine, akajifuta uso kwa ile jezi yangu niliyoifua kwa mikono yangu, nami sikumkataza.

"Shangazi, nisamehe," akasema. Mwaka mzima na nusu nilikuwa nimeyaandalia majibu maneno hayo, majibu makali, na yote yakanipotea.

"Ivue, ina jasho," nikamwambia. Akaivua, akaikunja, akanipa. Nikaiweka juu ya zile nyingine, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, hesabu imetimia."

Jumatatu walimsajili, mwenyekiti akadai lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Lakini mimi naikumbuka zaidi Jumamosi ile. Nilichukua mkoba wangu, nikatoa ufunguo, nikamwekea kiganjani.

"Funga wewe. Miguu inaniuma."

Nikaondoka bila kugeuka. Hatua ya kumi, pale ninaporudi kila siku, miguu ilitaka kurudi yenyewe, nikaikatalia. Na nyuma yangu nikalisikia lile kufuli linavutwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu.